Dume la Dole na Ng'ombe wa Mama

Malindi,
Unguja.
20 Septemba 1993

Mpendwa Kaka Darwesh,

Shikamoo. Natumai mu wazima huko Maskati, wewe, shemeji na watoto. Mgongo wako umepata nafuu? Sisi hatujambo, ila mama amepungua, hapendi kula. Sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, lakini nikingoja zipoe sitaandika.

Ni lile dume la ng'ombe la kizungu ulilotuletea shamba Dole. Uliagiza lifungwe kivulini. Ami Mazin akasema mnyama wa thamani halali nje, akalijengea banda la mabati, kuta mpaka juu, kwa kuogopa wezi. Kaskazi yote, na joto lake lile, limo humo linahema, ulimi nje. Nilimwambia linaungua. Akanijibu kuwa mimi mtu wa mjini, ng'ombe nawajua kwenye bakuli la maziwa.

Watu wakaleta majike yao. Dume likipanda vizuri, wala hakuna aliyeshika mimba. Ami akasema majike ndiyo mabovu. Mwezi wa Februari, mama yuko kitandani na homa, ami akamtoa yule ng'ombe mwekundu wa mama akampa mchinjaji wa Darajani, eti tasa kwa kuwa naye hakushika mimba. Kaka, ng'ombe yule alishazaa mara tatu! Mama alipopona alikwenda shamba na ndoo yake, akakuta kamba tu.

Nikamwita Daktari Yusra, wa mifugo. Uniwie radhi kwa maneno haya, lakini alinieleza wazi: korodani zataka ubaridi kuliko mwili wenyewe. Zikipata joto jingi mbegu huharibika, na ng'ombe wa nchi za baridi huumia zaidi. Hamu ya kupanda hubaki, ndiyo maana watu hudanganyika. Akataka liwekwe kivulini penye upepo, maji tele, tusitarajie kitu kabla ya miezi miwili au zaidi, maana mbegu mpya huchukua muda kutengenezeka.

Ami hakuja hata kusikiliza. Mimi na Mjaka, jirani yetu wa shamba, tukabomoa kuta, tukang'oa mabati, tukaezeka makuti. Ami alitukuta kazi bado haijesha, akasema nimemvunjia heshima.

"Ami, nakuheshimu," nikamwambia. "Ila banda nalivunja."

Jana daktari kampima ng'ombe wa Mjaka, aliyepandwa tena baada ya miezi ile, ana mimba. Ami akawatangazia watu kuwa dume kalitunza yeye. Mama naye alikuwapo, anasikia. Akajifunga buibui lake akaondoka bila kuaga. Kisha ami akanituma nikuandikie kuwa dume lako limefaa. Basi nimekuandikia, na sikuacha kitu.

Yeye mimi hanisikii. Mwandikie wewe.

Usiku nilimuuliza mama kama nikuombe ng'ombe mwingine. Akasema, "Sitaki. Nataka Mazin aseme kuwa yule hakuwa tasa."

Nisalimie shemeji Bahiya, Sami na Rawiya. Mjaka anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akuhifadhini na akurejesheni kwetu salama.

Wako akupendaye, hata leo na hasira zangu,

Dada yako,
Reem