Profesa wa Gereji Anafuta Onyo, Mama Yake Yuko Kiti cha Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe kama mwandiko unapinda, naandika kwa hasira. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mume wangu ni fundi magari, tena si fundi wa kubahatisha, wateja wanamwita Profesa kwa sababu anaisikiliza injini akiwa ameegemea ukuta na kukwambia inaumwa nini, na mwaka jana alinunua kigari cha umeme, kile kifupi chenye mlango wa nyuma wa kunyanyuka, rangi ya ndimu, kina mbio mpaka ukikanyaga shingo inabaki nyuma, mtaa mzima ukatoka kukitazama, naye akawaambia gari ni gari tu, hakuna litakalomshinda.

Limemshinda, mshauri. Kwanza matairi yaliisha kabla ya mwaka, akasema eti nakanyaga kama niko kwenye cherehani. Halafu plagi ya chaji ikawa inang'ang'ania, unaivuta haitoki, nashinda nimeshika waya kama navuta mbuzi. Skrini inaganda, na kila asubuhi kuna taa ya njano na maandishi kwamba betri ndogo ni dhaifu, nikimwambia anajibu, "Mke wangu, wewe endesha, mambo ya gari niachie mimi," na kweli nikitaka kutoka taa haipo, nikawa namshukuru, mjinga mimi.

Mama mkwe, yaani mama yake mzazi, figo zake zimechoka, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na mimi ndiye ninayempeleka. Mwezi uliopita tukitoka hospitali, yeye yuko hoi kiti cha nyuma, nikasimama kwenye duka la dawa, nikashuka, nikafunga mlango, gari likazima lote. Milango haifunguki nje wala ndani, vioo viko juu, jua la saa saba, namwona mama anagonga kioo kwa pete yake na mimi nje napiga kelele tu. Mlinzi wa duka alivunja kioo kwa nondo. Profesa alipofika, neno lake la kwanza, mbele ya watu, lilikuwa, "Nani amenivunjia kioo?" La pili, kwamba mimi sijui kuendesha.

Akaweka kioo kipya, akasema kila kitu kiko sawa. Juzi naosha vyombo, nikamwona dirishani ameingia garini, akachomeka kile kidude chake cha kusomea hitilafu, akabonyeza mara moja, taa ya njano ikazimika, akashuka akijifuta mikono kwa kitambaa, mikono ambayo haikugusa hata skrubu. Kumbe siku zote hatengenezi, anafuta! Nikamuuliza kwa nini asilipeleke kwa mafundi wa magari ya umeme, akasema, "Unataka wateja wanione nimepanga foleni kwa watoto wa juzi?" Mimi gari hilo siliendeshi tena, na sasa mama mkwe amekosa kwenda mara mbili, miguu imevimba, nikimwambia tukodi teksi ananijibu, "Mwanangu, najisikia vizuri, acha leo." Nifanye nini, niondoke, nilichome moto hilo gari, au nimwitie ndugu zake?

Mshonaji aliyechoka

JIBU

Mshonaji, nimekupigia mara tatu kwa namba uliyoniachia hupokei, kwa hiyo nasema hapa: weka gazeti chini, ita teksi, mpeleke mama hospitali sasa hivi. Akikataa, ita majirani mmbebe. Ukirudi, endelea kusoma.

Umerudi? Haya, tugombane. Umeniandikia matairi, plagi, skrini, rangi ya ndimu, halafu miguu ya mama ukaiweka mwishoni kama salamu. Hasira yako ni ya haki, lakini imekuchelewesha. Gari utalichoma siku nyingine.

Nimeongea na fundi wa magari ya umeme, mwanamke asiye na subira, na ameniambia hayo yote kayaona. Matairi huisha upesi kwa sababu gari ni zito na huondoka kwa kishindo, na hapo, samahani, mguu wako nao una kesi. Betri kubwa ya chini inazungusha magurudumu, lakini milango, skrini na kufuli ya chaji vinaamshwa na betri ndogo, ya kawaida kabisa. Ikichoka, gari lote linapagawa. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Nusu saa, Profesa! Najua unasoma, maana gazeti hili halikosi gereji yoyote.

Na mama haogopi gari. Angekuwa anaogopa gari, teksi angeipanda. Hataki majirani wamwone anakodi teksi na gari la mwanawe liko uani. Anakufichia aibu, Profesa, na anakufichia kwa figo zake. Wewe ulipofuta ile taa ulijua nani atakaa nyuma. Sitakupa pole.

Mshonaji, usiondoke na usiite kikao cha ndugu. Watakula, watasema vumilieni, wataenda. Chukua ufunguo ukae nao. Mama aende kwa teksi, mchana, mlangoni kwenu, kila mtu aone, mpaka betri ibadilishwe na mtu anayeyajua magari hayo na akupe karatasi mkononi. Profesa mwenyewe ndiye alipeleke, na apange foleni.

Siku gari litakaporudi, mama asipande kwanza. Mwambie mumeo aketi pale alipokaa mama yake, wewe funga mlango. Fundi wangu anasema mengi ya magari hayo yana kamba ya kufungulia mlango kwa mkono umeme ukikatika, imefichwa pembeni ya kiti. Aitafute hiyo, asiguse kitufe. Wewe simama nje, usimsaidie, na akianza kugonga kioo, muulize nani amvunjie kioo.