Mama Yako Getini

Idi, mjukuu wangu na mume wangu,

Hapa Guangzhou tu wazima, ila babu yako na magoti yake. Umeniuliza kwa nini marehemu mama yako aliacha kunipigia kutoka huko shambani kwenu Australia.

Alikuwa akipiga mchana, nami niko sokoni Guangyuan nafunga marobota. "Mwanangu, nina mzigo, nitakupigia." Jioni nikipiga, hapatikani. Nikadhani amenuna, nami nikanuna.

Siku ya mazishi ndipo baba yako aliponionyesha lile geti la kondoo. Mtandao unashika hapo tu, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Mwanangu alitembea saa nzima kuja kuambiwa nitakupigia.

Sasa simu ikiita, robota na lianguke, napokea. Hakuna anayeniita mama.

Bibi yako