Dakika Ishirini za Mlima wa Hekpoort

Jumanne, 3 Juni

Kaptula sita leo. Zote zimechanika palepale, kwenye mshono wa makalio. Uzi wa kiwandani ni takataka. Nimezishona upya kwa uzi wangu, hazitachanika tena.

Gerhard, kiongozi wa klabu ya baiskeli, alizileta mwenyewe hadi chumbani kwangu Bellevue. Akaleta na habari. Mwanachama mmoja ameanguka na kuvunjika goti. Nafasi yake ya safari ya Italia iko wazi, na gharama zote zimeshalipwa. Siku nane mwezi wa Septemba, kwa baiskeli, kule kusini: Matera, Alberobello, Locorotondo, Ostuni. Miji ya kale, vilima juu ya vilima. Alinionyesha picha kwenye simu. Matera watu wamechonga nyumba ndani ya mwamba.

Atakayepanda mlima wa Hekpoort chini ya dakika ishirini ndiye ataandikwa. Nafasi ni ya mwanachama yeyote, alisema. Hakunitazama aliposema hivyo.

Mimi ni mwanachama. Mwaka jana niliwashonea jezi zote. Nilikataa malipo, nikataka baiskeli moja kuukuu na jina langu kwenye orodha yao. Naitaka nafasi hiyo. Basi, nimeshaandika.

Naandika kwa Kiswahili changu cha Buyenzi, mtaa wetu kule Bujumbura, ili watoto wasisome. Wakikisikia wanaelewa. Kukisoma kunawashinda.

Jumamosi, 7 Juni

Baridi ya kukata masikio. Barafu juu ya nyasi. Nomsa alinipitia alfajiri na gari lake, tukaenda mlimani. Ni nesi wa Soweto, mwanamke mwenzangu wa pekee klabuni.

Dakika ishirini na mbili. Miguu ilikuwa na nguvu, pumzi ndiyo iliisha. Vijana wawili wa benki nao wanaitaka nafasi. Miguu yao wameinyoa kama mabibi harusi.

Dakika mbili tu. Nitazipata.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani mjini, ghorofa ya tatu, lifti imekufa tangu Pasaka. Baada ya ibada mama mchungaji alinivuta pembeni. Ameniona barabarani na kaptula inayobana. Mwili wa mama hauanikwi barabarani, alisema.

Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Mwili huu uko barabarani tangu nina miaka kumi na sita. Kaka yangu alipovunjika mguu, baiskeli yake ya ndizi ilisimama ukutani na nyumbani hakuna chakula. Niliichukua. Kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mikungu mitano nyuma, mteremko mtupu, breki ni soli ya kandambili. Wanaume walinicheka wiki ya kwanza. Ya pili walinipisha njia.

Mama mchungaji amesema ataniombea. Aiombee na miguu yangu.

Jumatano, 11 Juni

Nimegombana na Baba Divin. Amerudi kutoka lindo, hajavua hata sare.

"Eish, Mama Divin. Mke wa mtu anakwenda Italia na wazungu kumi na kaptula?"

"Na Nomsa."

"Nomsa ana mume?"

"Muulize yeye."

Amelala bila kula. Nimekula mimi, sahani zote mbili. Mazoezi yanataka chakula.

Amenikasirisha, lakini kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Hakuniuliza hata mara moja kama naweza.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika bado nimevaa kaptula.

Tulipanda mmoja mmoja. Mtu na saa chini, mtu na saa juu, katikati hakuna. Nilianza vizuri. Kwenye kona ya tatu pumzi ikaanza kuisha. Lori la mahindi likanipita polepole, likinguruma. Nyuma mnyororo unaning'inia.

Mkono ulikwenda wenyewe. Kwetu lori hukupita upande wako wa kushoto, kwa hiyo tulishika kwa mkono wa kushoto. Hapa linakupita kulia. Nikashika kwa wa kulia kama niliyeshika jana. Kona tatu. Kisha nikaachia, nikamaliza kwa miguu yangu.

Dakika kumi na saba. Vijana wa benki: ishirini na moja, ishirini na tatu.

Wakanipigia makofi. Wakanipa chai. Gerhard akauliza imekuwaje, wiki jana ishirini na mbili. Nikawaambia. Nilieleza kwa furaha, Mungu ni shahidi yangu. Jinsi ya kusubiri lori libadilishe gia. Jinsi ya kulegeza kiwiko lisikung'oe bega. Kwetu asiyejua kushika lori anapanda Bugarama kwa miguu, anasukuma baiskeli yake, watoto wanamzomea. Kwetu huo ni ufundi, na kuna waliokufa wakijifunza.

Kijana mmoja wa benki akaangalia viatu vyake. Mwingine akacheka puani.

Gerhard akalifuta jina langu kwa kalamu, taratibu, na mstari ulionyooka.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani.

Nomsa amepiga simu. "Dada, eish. Kwenye mashindano ukishika gari umeibia wenzako. Kila mtu anajua."

Kila mtu nani? Mashindano sijawahi maishani. Mimi nilipeleka ndizi. Kufika ndiko kulikuwa kushinda.

Nina aibu, naandika wazi. Nimejifunika blanketi mchana kutwa kwa aibu. Lakini mwizi hasimulii wizi wake kwenye chai. Hilo hawakuliona? Nina hasira kuliko aibu, na ni bora hivyo.

Baba Divin hakusema, "Nilikuambia." Aliosha vyombo. Sijui nifanye nini na wema huo.

Jumanne, 17 Juni

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nilipanda teksi hadi ofisini kwa Gerhard na mfuko mkubwa. Ndani, kaptula kumi na moja za klabu, hazijashonwa. Nikazimwaga juu ya meza yake, mbele ya karani wake.

Nikamwambia: sishoni hata moja mpaka nipande tena. Kanuni hiyo hamkunipa. Sasa ninayo. Nafasi bado iko wazi, hakuna aliyeipata. Nipeni mlima wangu.

Alicheka. Kisha akaona sicheki. Kisha akaziangalia zile kaptula, moja ni yake, tundu la kuingia ngumi.

Amekubali. Jumamosi. Lakini safari hii atapanda yeye mwenyewe ubavuni mwangu, kutoka chini hadi juu, aone kwa macho yake. Asiponiona hadi mwisho, muda hauhesabiwi.

Sawa. Aje aone.

Jumamosi, 21 Juni

Wawili tu. Wengine walisubiri chini. Upepo wa mbele, nyasi kavu, moshi wa moto wa jana. Gerhard akabonyeza saa yake.

Kona ya kwanza, gurudumu kwa gurudumu. Ya pili, hivyo hivyo. Malori mawili yalipita. Mikono yote miwili kwenye usukani, nimeikaza mpaka vidole vikafa ganzi. Nilijua kwamba anaitazama.

Kisha nikamsikia. Pumzi kama mashine yangu ya kushonea ikikosa mafuta. Ana miaka sitini na mbili na wiki nzima alikuwa na mafua, hakusema. Gurudumu lake likarudi nyuma ya langu. Nusu mita. Mita mbili.

Nilikuwa na nguvu ya kumwacha. Nikimwacha, sina shahidi. Nikimsubiri, sina muda. Nilimtukana kwa Kirundi, nadhani alielewa.

Nikapunguza hadi akanifikia. Nikaweka kiganja mgongoni mwake. Ndivyo tulivyofanyiana na ndizi zetu pale ambapo lori halikuja. Safari hii niliuliza kwanza: kusukuma mtu, kanuni inasemaje?

Hakuwa na pumzi ya kujibu.

Nikasukuma. Mtu mzima, mfupa na nyama na baiskeli ya bei ya gari. Mapaja yaliwaka. Nililia, au ni moshi. Kona ya mwisho sikumbuki.

Dakika kumi na tisa, sekunde arobaini na nane.

Akakaa kwenye changarawe. Akaangalia saa muda mrefu. Nikasimama mbele yake, sikuketi. Nikamwambia aandike alichokiona.

Tuliposhuka wakamuuliza. Alisema: amepanda. Neno moja, akaenda kwenye gari lake. Habari ya mgongo hakuisema. Na mimi sikuisema. Iko hapa tu.

Jumatatu, 8 Septemba

Viza imetoka. Baba Divin ameigeuza pasipoti mara nne kama anatafuta kosa. Kisha akauliza mlima wa huko mrefu kiasi gani. Nikamwambia. Akasema, "Huo utaupanda." Akaenda kazini.

Amenifungia unga wa muhogo kilo mbili. Anadhani huko nitakufa njaa.

Alhamisi, 25 Septemba, Ostuni

Siku ya saba. Asubuhi Locorotondo, mchana huku. Mizeituni, udongo mwekundu, kuta za mawe yasiyo na saruji. Kisha mji mweupe juu ya kilima, na barabara inapanda kwake moja kwa moja.

Gerhard alichoka mapema. Alinitazama. Si kwa kuomba, alinitazama tu.

Nilimpita. Nikawapita wanaume wengine wa klabu. Nikampita Nomsa, akanipigia kelele kwa Kizulu. Leo sikumsukuma mtu.

Juu kuna kanisa la zamani na ngazi za mawe yaliyolainika kwa miguu ya watu. Nilikaa pale. Mwanamke mmoja dirishani alikuwa akianika mashuka. Aliitazama kaptula yangu, akaendelea kuanika.

Dakika kumi na moja, peke yangu. Nilikunywa maji. Nilivua viatu. Bahari ilionekana kwa mbali.

Kisha nikawasikia wenzangu wakipanda.