Pora Asiyejua Tembe

Jumapili, 7 Oktoba 2018

Leo ndiyo leo. Mama mkwe kavuta kigoda mpaka mlangoni mwa banda, kakaa na kikopo chake cha tambuu, kaniamuru nimshikie mapora, majogoo wachanga hawa, mmoja baada ya mwingine. Huyu upanga wa kichwani umelala. Huyu miguu ya kijivu, mpeleke. Huyu ana macho ya mwizi. Macho ya mwizi! Kuku huyo, wala hajamwibia mtu.

Mwishowe kasimama kwa mmoja mwekundu, miguu ya njano tupu, upanga wima. Kamshika kifua, kamgeuza, kampuliza manyoya. Akasema huyu ndiye wa baba yenu.

Waliobaki wataishia vyunguni, vyetu na vya wateja. Nimewalea tangu vifaranga na simlilii hata mmoja, kuku wa nyama ni wa nyama. Ila huyu ana kazi yake. Baba mkwe alitutoka mwezi wa tano, na Tet hii, mwaka mpya wetu wa kalenda ya mwezi, ndiyo ya kwanza atakayorudi nyumbani kama mgeni, aandaliwe madhabahuni pamoja na wazee wake. Tet iliyopita mume wangu Khanh alichelewa, akaenda kununua jogoo sokoni dakika za mwisho. Pora gani, jogoo lenyewe lilikuwa limeshawapanda matembe, kuku jike wa wilaya nzima. Miguu ikatoka kwenye maji ya moto imejikunja vibaya, mama mkwe akaisoma kama ramli ya mwaka. Mpunga haujavunwa, mzee kaondoka. Khanh anasema baba yake aliuawa na tumbaku. Hasemi mbele ya mama yake, si mjinga.

Basi sheria ni moja: pora asiwe amempanda tembe. Hata mara moja.

Na sasa lililonikosesha utulivu. Mama mkwe kasema, huku anatema tambuu: ukimlea huyu sawasawa, mama Ngo, Tet hii ubani unawasha wewe, magoti yangu yamechoka. Tangu niolewe nyumba hii sijaruhusiwa hata kuifuta vumbi madhabahu ile. Nikaitikia "ndiyo, Mama", kama naambiwa nikachote maji. Moyoni ngoma.

Jumatano, 14 Novemba

Pora kapata tenga lake peke yake, chini ya upenu wa jikoni. Wenzake wanakula pumba na shina la mgomba lililokatwakatwa, yeye mahindi na chenga za mchele. Khanh kasimama na bakuli lake la uji akamtazama, akauliza na yeye atawekwa lini kwenye tenga. Nikamwambia wewe ulishapanda, huna sifa. Kaenda kazini anacheka peke yake barabarani.

Diep, mke wa shemeji yangu, nyumba ya pili, kila akipita anauliza: mtawa wako hajambo? Jina limeshika. Hata mwanangu Ngo anamwita Mtawa.

Ijumaa, 14 Desemba

Mtawa kaanza kuwika. Sauti ya kuvunjika, kama mvulana anayejifunza kutongoza. Na matembe nayo hayana haya! Yanapita mbele ya tenga, yanaparua, yanainama, yanarudi tena. Nimemhamishia nyuma, karibu na banda la nguruwe, huko hakuna vishawishi.

Kijiji cha pili kuku wanakufa kwa kideri. Wa kwetu wamechanjwa, lakini nimemwaga chokaa mlangoni na Diep nimemwambia avue ndala. Kanuna. Anune.

Jumamosi, 12 Januari

Mama mkwe kaja kumbinya Mtawa kifua. "Atafaa." Neno moja tu, na nimeshinda siku nzima naimba.

Jumatatu, 28 Januari

Siku ya miungu ya jikoni. Tumewaachia samaki wao bwawani, wawapande mpaka mbinguni kupeleka habari za nyumba. Baridi ya kukata masikio na mvua ile nyembamba isiyonyesha wala kukoma. Nimechinja kuku wa wateja mpaka vidole vimenyauka, manyoya mpaka kwenye nywele.

Jioni namwendea Mtawa — kajikunyata! Manyoya yamesimama, macho nusu, anapiga chafya. Huyu akifa, tunarudi sokoni, na mama mkwe atalala na miguu ile iliyojikunja mpaka mwaka uishe. Nimempa kitunguu saumu kilichopondwa. Nimemfunika gunia. Bado anatetemeka.

Kwenye banda kubwa kuna balbu, kuna maganda ya mpunga, kuna joto la wenzake. Nimemwingiza humo. Katikati nimefunga wavu wa zamani wa Khanh wa kuvulia, mafundo imara. Upande huu yeye, upande ule matembe. Wavu ni wavu.

Jumanne, 29 Januari

Wavu si wavu.

Nimefungua banda alfajiri, nikamkuta juu ya tembe la kijivu. Si karibu yake. Juu! Kashuka, kajipiga mabawa, kawika ile sauti ya mwanaume mwenye nyumba yake. Chafya yote imeisha. Mzima kabisa, shetani yule.

Hakuna aliyeona ila mimi. Nimemrudisha kwenye tenga mbio mbio, nikarudi kuukunja wavu.

Khanh nimemwambia. Kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Halafu akasema kwa upole kabisa: upanga uko wima, miguu ya njano, nani atamuuliza kuku? Funga mdomo, washa ubani wako. Mama atafurahi, wewe utafurahi, na baba hakuwa mtu wa kuchunguza mambo ya watu.

Yuko sawa? Labda yuko sawa. Sijui mbona nimemkasirikia.

Ijumaa, 1 Februari

Nimefikiria kumbadilisha. Mapora ya Diep yanazurura kijiji kizima, usafi wao anaujua Mungu peke yake. Sokoni ndiyo usiseme.

Leo usafi wa madhabahu. Mama mkwe kavishusha vinara vya shaba vya mishumaa, kaanza kuvisugua, katikati akanipa kitambaa. "Shika hapa." Nimeshika! Nimesugua mpaka nikajiona pua. Yeye anazungumza tu, leo ulimi mwepesi. Kwamba mzee alipenda mkia wa kuku, ukimwacha mtu mwingine aule hasemi na mtu siku mbili. Kwamba usiku mwingine anamsikia anakohoa uani. Kwamba safari hii atarudi na njaa ya safari ndefu, akute cha halali mezani.

Cha halali. Nikafungua mdomo. Ndipo Diep akaingia kuomba majani ya kufungia keki za wali, mdomo nikaufunga. Nilifurahi alivyoingia, huo ndio ukweli, na nimejichukia. Nataka kuwasha ubani ule. Nautaka jamani. Lakini nikiuwasha hivi nitakuwa namdanganya mzee usoni, na mzee huyu ndiye mtu wa kwanza nyumba hii kuniita mwanangu.

Jumatatu, 4 Februari

Siku ya mwisho ya mwaka, kesho Tet. Mchana. Maji yamechemka, kisu kimenolewa, Mtawa miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho moja. Mama mkwe kaingia na waridi jekundu la kumweka mdomoni akishaiva. Kalichagua mwenyewe, kalipunguza miiba kwa kucha.

Nimesema. Nimesema bila kupumzika: Mama, huyu amempanda tembe. Jumanne. Nilimtoa kwenye tenga kwa sababu ya baridi, nikafunga wavu, akaupita.

Kaliweka waridi kwenye kibao cha kukatia. Akauliza, tembe yupi. Nikasema wa kijivu. Akauliza, mara ngapi. Nikasema niliyoiona mimi ni moja. Khanh yuko mlangoni anaangalia dari kama imeandikwa kitu. Mama mkwe anatafuna tambuu, anatafuna. Heri angenitukana.

Mwishowe: si mimi ninayekuja kumla. Kaingia ndani.

Nimekaa juu ya pipa la mchele, naandika ili mikono ipate kazi. Namsikia anafungua mtoto wa meza. Humo anaweka sarafu mbili za kale za kuulizia marehemu, upande mmoja zimepakwa chokaa. Anamuuliza mzee mwenyewe. Ikilala moja nyeupe na moja nyeusi, mzee kakubali. Nyeusi zote, kakataa. Nyeupe zote, mzee anacheka, rusha tena — lakini mwisho mara tatu, hata marehemu hachoshwi.

Sauti yake naisikia vizuri, hajapunguza: Baba Khanh, pora wako ameshaonja dunia. Mkweo alimwonea huruma kwa baridi, wala hakunificha, kaniambia mwenyewe. Unamtaka hivyo hivyo au humtaka?

Sarafu kwenye sahani. Khanh kachungulia, kanirudia: nyeupe zote.

Tena sarafu. Nyeupe zote! Khanh ananong'ona kwamba mzee anamcheka tembe. Sina hamu ya kucheka. Maji yanachemka yanapungua, Mtawa kafumba jicho.

Sasa ni muda. Harushi. Nasikia mkeka unalia, anainuka, magoti yale. Anarusha au anaacha? Akikataa mzee, saa hizi jogoo mwingine wa wapi —

Ananiita. Mama Ngo. Nawa mikono uje, njoo na kiberiti cha ubani. Ya tatu utarusha wewe.

Nimenawa. Kiberiti hakipo mahali pake, Khanh anapapasa mifuko yake, na mama mkwe huko ndani kasogea, kaniachia nafasi mkekani —