Bafta ya Itobela

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo tena nimeulizwa Tabora kuna visiwa gani. Safari hii ni kijana wa benki, na tai yake shingoni. Nimemwambia apite Urambo, apite Kaliua, afike Usinge, kisha avue viatu aingie kwenye matete ya Malagarasi. Akifika maji ya kiunoni anipigie simu. Amecheka. Hajaamini.

Lakini watu wapo humo. Wanavua, wanazaa, wanazika. Pale Itobela tuna chumba kimoja cha zahanati na kimoja cha darasa, ukuta mmoja katikati. Watoto wakiimba alfabeti, wagonjwa wanaitikia. Ndilo shirika letu zima — mimi mtafuta misaada, Mfaume tabibu, Julieth mwalimu, ambaye anaishi hukohuko kisiwani.

Asubuhi Mfaume ameondoka na vifurushi vya wajawazito. Safari hii vimependeza! Baba ametoa dukani jora zima la bafta nyeupe. Mtoto apokelewe na kitambaa safi, kasema, awe mustarehe kabisa. Nimekata vipande mwenyewe, nimevipiga pasi, nimevikunja.

Ninayemsubiri hasa ni Kabula. Uzazi uliopita alipasuliwa, na mtoto hakupona. Sasa ana mimba kubwa. Lazima aje akae kwenye nyumba yetu ya kusubiria hapa Isevya, mjini Tabora, kabla mvua haijakata barabara ya mwaloni, kunakoegeshwa mitumbwi. Uchungu ukimkuta kule, mshono wa zamani unaweza kuachia. Mfaume husema jambo hilo kwa sauti ndogo, ndiyo maana linanitisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Gari limerudi tupu. Kabula hakuja. Hakuna aliyekuja.

Vifurushi vimerudi vyote. Kimoja tu ndicho kilichofunguliwa. Mfaume anasema walimpokea vizuri, wakampa samaki, wakamsindikiza mpaka kwenye mtumbwi. Kila alipouliza kwa nini, wakamuuliza habari za barabara.

Nimechukia. Nimesema maneno ambayo sitaki kuyaandika hata humu. Watu unawahangaikia mpaka unasahau kula! Mfaume akaniacha nimalize, kisha akasema nisiwakasirikie watu ambao sijawauliza. Anakera anapokuwa sahihi.

Jumamosi, 9 Novemba

Julieth amepiga simu kutoka kwenye kile kichuguu chenye mtandao. Sauti inakatika, lakini nimeelewa. Afadhali nisingeelewa.

Kifurushi alikifungua Mama Sayi, mama mkwe wa Kabula. Akatoa bafta, akaikunjua, akaitazama. Akamuuliza Julieth: nani kafa? Kisha akairudisha ndani, akafunga, akaenda kunawa mikono. Kufikia jioni kisiwa kizima kilikuwa na habari moja. Wanaokwenda Tabora wameshakatiwa sanda.

Sanda! Mimi binti wa Humaidi muuza vitambaa! Mtaa mzima ukifiwa unakuja dukani kwetu. Bafta hiyohiyo, mkasi huohuo, na mkataji mara nyingi ni mimi. Mjane huwa namkatia kimyakimya na sipokei chochote. Halafu nimekata ileile, nikaipiga pasi, nikampelekea mwanamke ambaye amekwisha kuzika mtoto mmoja. Wakunga walitaka kitambaa cheupe ili uchafu uonekane. Nikafikiria uchafu tu.

Baba sijamwambia. Jioni ameniuliza kama wamefurahi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimegombana na Mfaume.

Nilitaka niende nikaombe radhi. Akasema radhi haitoi sanda nyumbani kwa mtu. Hapo ndipo liliponijia wazo. Nikamwambia, wewe Mzaramo, wao Wanyamwezi. Ninyi ni watani tangu enzi za misafara. Kwenye msiba wao wewe unaruhusiwa kulia kwa kejeli, kuficha jeneza, kujilaza kaburini. Kitu cha msiba kikiguswa na mtani kinakuwa mzaha. Sasa hii bafta si kitu cha msiba?

Akavua miwani, akaifuta. Kisha akakasirika kweli. "Jihan, pale nimetumia miaka mitatu kuwazoesha waniite tabibu. Nikigaragara mlangoni kwao, nani atameza dawa yangu?"

Ana haki. Mimi sina utani nao, mimi kwao ni Mwarabu wa dukani tu. Ninamwagiza avue heshima yake kwa kosa la mkasi wangu.

Upande wa mtaa wa Chemchem kumetanda wingu zito. Kabula, Kabula.

Jumatano, 13 Novemba — Usinge, nyumba ya wageni

Nimechoka, na mbavu zinauma kwa kucheka.

Jana Mfaume alikuja ofisini, hakusalimia, akaniuliza bafta iko wapi. Akachukua kipande kirefu. Basi. Leo alfajiri tumeondoka naye. Kwenye mtumbwi nikamwona anavua koti lake jeupe la tabibu, analikunja vizuri, ananipa nimshikie. Nikajua.

Tumefika Itobela. Amejizungusha bafta kuanzia kichwani, uso tu nje, miwani imo. Amepita katikati ya nyumba anajiburuza, watoto wa Julieth wametoka darasani wote. Amefika mlangoni kwa Mama Sayi, akaanguka chali.

"Mzaramo kafa," akatangaza. "Kafa kwa njaa nyumbani kwa Wanyamwezi. Nataka mazishi, nataka pilau."

Hakuna aliyecheka. Nilishika lile koti, nikaona tumeharibu kila kitu.

Mama Sayi akatoka. Mwembamba, mrefu, kanga mbili. Akamtazama kwa muda mrefu mno. Kisha akaingia ndani, akarudi na kata ya maji, akammwagia usoni.

"Maiti ya Mzaramo lazima ioshwe mara mbili," akasema. "Moja haimtoshi."

Ya Rabi, kicheko! Wanawake wakamshika miguu wakamburuta mpaka uani. Mmoja akamlilia kwa kumtajia madeni yake yote ya uongo. Mmoja akamvua miwani, akaivaa. Mama Sayi akamwambia, Wazaramo hata kufa hamjui, mnakufa macho wazi mkiangalia chungu. Akamletea kuku, ndiyo fidia yake, ainuke aende zake.

Mfaume akakataa kuku. Akabaki amelala palepale kwenye tope. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ndogo: "Sanda nimeshaivaa mimi, mtani. Hakuna mwingine itakayemtosha. Fidia yangu ni Kabula apande mtumbwi."

Kicheko kikakatika. Nikamwona Kabula kwa mara ya kwanza siku hiyo, amesimama nyuma ya mlango, mkono tumboni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mama Sayi akageuka akamtazama. Akamuuliza jambo kwa Kinyamwezi. Kabula akajibu neno moja.

"Basi nakwenda naye mimi," Mama Sayi akasema. "Huyu maiti simwamini."

Kisha akaniona. Shikamoo, mama, nikasema. Marahaba, akajibu, na hakuongeza kitu. Kwenye mtumbwi alikaa amenipa mgongo.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua imeanza, na si ya mzaha. Julieth anasema barabara ya mwaloni imekatika usiku uleule tuliovuka. Wajawazito wengine wawili wamemwambia mwezi ujao watakuja, hata kama ni kwa kuzunguka. Na mtoto mmoja darasani amemchora Mfaume akiwa maiti mwenye miwani. Mchoro ameubandika ukutani!

Mama Sayi ameteka jiko la nyumba ya kusubiria. Unga wetu mbaya, mkaa wetu una moshi, bomba letu linapiga kelele. Kabula analala mchana kama mtu aliyekuwa na usingizi wa mwaka mzima. Mimi Mama Sayi hanisemeshi bado.

Jumatatu, 18 Novemba

Balaa. Baba amekuja Isevya bila kuniambia, amebeba tende za wageni. Akamuuliza Mama Sayi kama ile bafta iliwafaa.

"Ulitutumia sanda, mzee."

Hivyohivyo! Nilitamani sakafu inimeze. Baba akakaa kwenye kiti cha plastiki. Akavua kofia, akaipapasa. Akasema babu zake walipeleka kitambaa cheupe njia hiyohiyo mpaka Ujiji, na hakuna aliyewaambia watu walikipokeaje. Mama Sayi akasema, hawakuuliza.

Kisha Mama Sayi akamkaribisha chakula, na baba akala ugali na samaki wa Itobela kwa mkono, akalamba vidole. Alipoondoka, Mama Sayi aliniita kwa jina kwa mara ya kwanza. Alitaka nimletee chumvi. Niliipeleka mbio!

Jumatano, 20 Novemba — hospitali, benchi la nje ya chumba cha upasuaji

Uchungu umemwanza Kabula alfajiri, mapema kuliko tulivyodhani. Bajaji, Mama Sayi amemkumbatia, mimi nimening'inia pembeni. Daktari amemgusa tumbo mara moja, akasema aingie sasa hivi. Mfaume amevaa koti lake, ameruhusiwa kuingia naye. Kabla mlango haujafungwa nimemsikia Kabula akimwambia maiti asizimie.

Shigela, mumewe, yuko ng'ambo ya maji. Julieth amempandisha kichuguuni, anapiga kila mara. Sina la kumwambia.

Naandika ili nisitembeetembee. Mama Sayi hatembei, hasali, anatazama mlango. Ningependa kumwambia kwamba naogopa. Nadhani anajua.

Kumesikika kitu ndani. Sauti ndogo, au ni gurudumu la kitanda. Sijui.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi ameshusha barakoa, anauliza ndugu wa Kabula ni nani. Mama Sayi amesimama, na amenishika mkono, ananivuta.

"Ni mimi," anamwambia, "na huyu binti yangu."

Nasimama —