Kumi na Tisa Kule Winnipeg

Jumatatu, 11 Mei

Nimetembea asubuhi kama kawaida, hadi mwisho wa majengo ya ghorofa na kurudi. Goti la kulia bovu. Baadaye Njeri, binti yangu, alinipeleka Roseville kununua viatu. Njiani kuna duka la bangi, madirisha safi kama duka la miwani. Nikaomba tuingie, nione tu. Mlangoni kijana akataka kitambulisho. Nina miaka sabini na minne, kichwa cheupe chote. Alitaka kuhakikisha nimetimiza ishirini na mmoja. Nilifurahi siku nzima.

Wanauza hata dawa ya kuchua magoti, yenye bangi. Sikununua. Njeri ni muuguzi, anajua mambo haya, alinieleza garini. Jimbo linaruhusu, taifa bado linakataza, na uhamiaji ni wa taifa. Sisi wenye kadi ya ukaaji tusiiguse, hata tuwe na miaka mia. Kwa hiyo nimefika umri, na bado sijafika.

Jumanne, 12 Mei

Nimeshinda na ramani. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote na sikuwahi kuitazama dunia kwa mipaka hii ya umri wa bangi. Uruguay, kumi na nane, na huuzwa kwenye maduka ya dawa. Ujerumani, kumi na nane, kupitia vyama vya wanaoilima pamoja. Malta vivyo hivyo. Kanada hutegemea mkoa: Alberta kumi na nane, Manitoba kumi na tisa, Quebec ishirini na mmoja. Kwetu Kenya hakuna umri. Ni kosa kwa kijana na kwa mzee. Mmea mmoja. Kila serikali imemtazama kijana yuleyule, moja ikasema amekomaa, nyingine ikasema bado. Nastaajabu.

Wakati wa babu yangu hawakuhesabu miaka. Mtu hakunywa pombe hadi mwanawe atahiriwe. Hukuulizwa ulizaliwa lini. Uliulizwa nani anakutegemea.

Nilimweleza haya Wambui, bintiye Njeri, mjukuu anayeniita Guka. Yuko chuo, ana miaka kumi na tisa. Alisikiliza kwa adabu, simu mkononi. Kisha akauliza ni goti lipi linaniuma zaidi.

Alhamisi, 14 Mei

Wambui anasafiri kesho na wenzake wa chuo, kwa gari, kwenda Winnipeg. Winnipeg iko Manitoba, ng'ambo ya mpaka. Nimeshtuka.

Yeye si raia. Mama yake aliapishwa kuwa raia baada ya Wambui kutimiza kumi na nane. Angeapishwa kabla, mtoto angeupata uraia naye. Majuma machache tu. Umri tena.

Nilimkalisha jikoni. Kule dukani yeye ni mtu mzima, nikamwambia. Lakini akirudi na kitu, au akikiri mpakani kwamba alitumia, anaweza kukataliwa kuingia. Na akidanganya ni vibaya zaidi. Nilieleza mara mbili.

"Guka, mimi hata sivuti," akasema. "Naenda kuona tu. Kama wewe pale Roseville."

Njeri alicheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 16 Mei

Naogopa. Ametuma picha, yeye na wenzake barabarani. Nyuma yao duka lenye alama ya jani. Nimeikuza picha hadi ikawa vumbi la rangi tu. Njeri yuko kazini, sikumwambia. Familia hii ilisubiri sana kupata zile kadi. Moja inaweza kupotea kwa peremende ya bangi.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Mchana wangefika mpakani. Simu kimya. Nilimkasirikia kwa jambo ambalo sikujua kama amelitenda.

Jioni mlango ukafunguka. "Guka, uko?" Nilikaa chini kwanza, ndipo nikaitika.

Alikuwa amenunua kweli. Kopo dogo la dawa ile ya kuchua, kwa goti langu. Walitazama kitambulisho, wakamuuzia, wakamshukuru. Alilibeba hadi kituo cha mwisho cha mafuta upande wa Kanada, akaomba wasimame. Wenzake walimtania: nesi wa babu, nani atapekua dawa ya goti? Akalitupa kwenye pipa. Mpakani afisa aliuliza kama wamebeba bangi. Akajibu hapana, na ilikuwa kweli.

Kopo lilelile. Halali pale kituoni, jinai mbele kidogo tu, na katikati hakuna mto wala mlima, ni mstari ambao watu walikubaliana. Kati yao wote, yeye peke yake aliuona.

"Pole, Guka," akasema. "Nimekuja mikono mitupu."

Alisema pale kwenye pipa alimfikiria mama yake, kisha mimi, kisha akasikia njaa.

Jumatatu, 18 Mei

Mvua. Sikutembea. Wambui amenichua goti kwa dawa ya kawaida, ile yenye harufu ya mikaratusi. Nafuu kidogo, si sana.

Chai nimepika mwenyewe. Kwetu mtoto hamtangulii mkubwa kumiminiwa. Nimemmiminia yeye kwanza, halafu mimi. Hakugundua, alikuwa kwenye simu. Tukanywa.