Mawe Meusi ya Kasonde

Katuba, 3 Machi 2024

Mutoto wangu Syntiche,

Jambo sana. Mwili namna gani huko Johannesburg? Miye niko muzima, ni meno tu yanabishana na mihogo.

Picha za mawe zimefika elfu moja, kwa ile mashini yako yenye kujifunza. Kila jiwe nalilamba kwanza rangi itoke, kisha naandika kama iko na shaba. Ulimi wangu sasa unastahili diploma. Kasonde, mwenzangu wa meza ya kuchagulia mawe, anasema nafundisha mashini kula kazi yetu. Nilimujibu: weye haujaona dunia, miye nilifika mpaka Ndola. Yeye akazidi kuokota mawe meusi yenye natupa: "Mujinga weye, hii iko na cobalt." Kwa nyeusi macho yangu ni ya bure, lakini hiyo usiambie mashini.

Papa yako

Johannesburg, 20 Agosti 2024

Papa mupenzi,

Jambo. Meno yamepatana na mihogo?

Mashini imejua mawe yako. Kwa mia inakosea matatu tu. Wamenipandisha cheo, na wameiuza huko kwenu, kwenye kampuni yenye unafanya kazi. Kasonde alisema nini tena? Hapa ofisini hatuulizani mambo hayo.

Binti yako

Katuba, 12 Januari 2025

Mutoto wangu,

Jambo, na samahani kwa kimya. Niko muzima. Meno mawili yamehama.

Mashini yako ilifika. Inatazama jiwe, inapuliza upepo, baya linaruka nje. Mezani tulikuwa bantu kumi na wawili, leo nimebaki miye na kiti. Chef wa kazi alisema mbele ya bote: "Huyu ndiye papa ya mashini, abaki ailinde." Nilicheka, unanijua. Kasonde hakucheka.

Siku ya Mungu haji tena kwangu kucheza kete za dame. Nacheza miye na miye, nashinda kila mara.

Na mashini inatupa mawe meusi, Syntiche. Naona jiwe linaruka, najiona miye. Muntu wa kuliokota hakuna.

Papa yako

Johannesburg, 15 Januari 2025

Papa,

Natumaini una nguvu. Nisamehe. Nitumie picha za mawe meusi, nitaisahihisha wiki hii. Hilo ndilo tu naweza kutengeneza.

Binti yako

Katuba, 2 Machi 2025

Mutoto wangu,

Jambo. Kula vizuri, picha yako ya mwisho ilionyesha mifupa.

Mawe meusi sitakutumia. Kosa hilo niachie.

Jana nilichukua moja lenye mashini ilitupa, nikaenda nalo kwa Kasonde. Nilibisha hodi mpaka mukono ukachoka. Alifungua mlango kidogo, akalilamba, akatema mate.

"Mujinga weye," alisema. "Hii ni cobalt."

Akafunga mlango. Jiwe alibaki nalo.

Nimebakiza mengine tisa chini ya kitanda. Nitapeleka moja moja.

Papa yako